Jina la Baba Mkwe Mizanini

"Naam! Nipo hapa!"

Sauti hiyo ndiyo iliyotukatisha wiki iliyopita, wasomaji wangu, na wengine mmenipigia simu kunilaumu kwamba nimewaacha pabaya. Haya, tusipoteze muda. Milembe amesimama mlangoni mwa mizani, mnadani Nkololo, na madume wake sita aliowalisha kwa mikono yake siku tisini. Kipaza sauti kimetangaza kwamba madume hao ni mali ya mtu anayeitwa Masunga Mabula. Na Masunga Mabula mwenyewe ameitika.

Watu wakampisha. Akatokea mzee mfupi mwenye kofia ya pama, begani amebeba mfuko wa chumvi ya ng'ombe.

"Ni mimi," akasema. "Hao ng'ombe wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu, mzee. Shikamoo," akajibu Nancy, afisa mifugo. Nancy ni binti wa Moshi, ana miezi minne tu hapa Bariadi, na mkononi alikuwa na mashine ndogo inayosoma namba za hereni walizovalishwa ng'ombe masikioni. "Ni zamu yako kupima."

"Zamu yangu?" Mabula akawatazama wale madume kuanzia pembe mpaka mkia. Akashusha mfuko wa chumvi chini. "Wamenenepa kweli hawa wangu!"

Mnada mzima ukaangua kicheko. Milembe peke yake hakucheka.

"Mabula, acha utani! Hawa unawajua. Kila siku unapita bandani kwangu unauliza mashudu ninayowalisha yananukia nini!"

"Mayu, mimi nimekuja kununua chumvi kilo mbili," Mabula akasema kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Serikali imetangaza kwa spika kwamba nina ng'ombe sita. Mimi nani nibishane na serikali?"

Milembe akamgeukia Nancy. "Dada, hiyo mashine imekosea."

Nancy akapitisha mashine kwenye sikio la dume wa kwanza. Ikalia, ti! Dume wa pili, ti! Wa tatu. Mpaka wa sita. Kila mmoja, jina lilikuwa lilelile.

"Haijakosea, mama. Na fomu nilijaza mimi mwenyewe, nyumbani kwako, wiki mbili zilizopita. Saini ni yako."

Hapo ndipo Milembe alipokumbuka. Akashika chuma cha mizani.

Kwa wale walioungana nasi leo, nieleze kidogo, halafu twende. Baba mkwe wa Milembe naye anaitwa Masunga. Masunga ng'wana Salu, yaani mwana wa Salu. Mimi sikuolewa kwenye mji ule, nalitaja nitakavyo. Milembe halitaji. Siku ya kwanza alipoingia pale, mama mkwe wake, Ng'washi, alimkalisha chini akamwambia, jina la baba mkwe haliingii kinywani mwa mkamwana, wala la baba yake, wala neno lolote linalofanana nalo, na akilitamka ni faini. Milembe akalishika hilo kuliko hata alivyotakiwa. Miaka kumi na mitatu sasa, hata sungura anamwita "yule mwenye masikio". Mwanawe wa darasa la pili alisoma mbele ya darasa kwamba mwenye masikio alimdanganya fisi, na mwalimu akaita mzazi.

Basi siku ya hereni, mumewe Joakim alikuwa ameenda Bariadi mjini kufuata mashudu. Mzee mwenyewe alikuwa amekimbilia Ipililo, kwa kuwa hapendi kuona ng'ombe wake wakihesabiwa na watu wa ofisini, na kitambulisho alikuwa nacho mfukoni mwa koti. Akabaki Milembe, jua kali, vumbi, ng'ombe wanasukumana.

"Mwenye ng'ombe nani?" Nancy aliuliza siku ile.

"Baba."

"Baba nani?"

"Baba Joakim."

"Hilo si jina, mama. La kwenye kitambulisho."

Milembe akahangaika. "Anaitwa kama yule mzee wa ng'ambo ya mto, mwenye baiskeli ya bluu. Majina yao ni mamoja kabisa."

Nancy akaenda pembeni kumuuliza mpita njia, mzee wa baiskeli ya bluu anaitwa nani. Akarudi. "Masunga, sivyo?" Milembe akaitikia kwa kichwa, kwa furaha, maana mtu mwingine amemsaidia kulisema. Akaweka saini bila kusoma. Mpita njia alikuwa ametaja jina lote, mpaka la baba yake mwenye baiskeli. Umeona mambo!

Sasa mwenye baiskeli ya bluu alikuwa mbele yake, anapapasa nundu ya dume kama baba mzazi.

Na kama hilo halitoshi, akajipenyeza Kasmiri.

Kasmiri ni mnunuzi. Hupeleka ng'ombe Mwanza, ana tumbo kubwa na kalamu tatu mfukoni, na kitu asichokipenda duniani ni mizani. Hununua kwa macho. Anamtazama ng'ombe, anasikitika, anataja bei ya msiba.

"Mzee Mabula, sisi watu wazima tutaingizaje ng'ombe kwenye chuma?" akasema huku akimshika bega. "Laki tano na nusu kila kichwa. Hela hii hapa. Nawapakia sasa hivi."

"Laki tano na nusu mara sita?" Mabula alitazama juu akitafuta jibu. "Chumvi nimenunua elfu mbili. Leo nimeamkia upande mzuri."

"Hapana!" Milembe akapiga kelele. "Hawauzwi hawa!"

Laki tano na nusu mara sita ni milioni tatu na laki tatu. Milembe alizihesabu bila kutaka. Na namba aliyokuwa akiiota usiku na mchana kwa miezi mitatu ilikuwa nyingine kabisa. Milioni nne, laki tatu na elfu ishirini.

Mnakumbuka shindano lao. Kiangazi cha mwaka jana kiliondoka na ng'ombe kumi na moja kwenye zizi la Mzee Masunga. Mmojawapo alikuwa yule mwekundu ambaye maziwa yake ndiyo yalimkuza mtoto wa mwisho wa Milembe. Milembe alimbebea maji kwa ndoo wiki nzima mpaka akamfia miguuni, akalia kama amefiwa na dada. Tangu siku hiyo akaanza kusema bila kunyamaza: Baba, malisho yetu ni ya ng'ombe ishirini na tano. Hawa zaidi ya sitini wanagawana njaa. Tuuze wengine, tubaki na wachache wenye afya, tuwalishe, tuuze kwa kilo.

Mzee akamjibu hivi: "Mtu mwenye ng'ombe ishirini na tano, akipita njiani nani atamsalimia?"

Wakakubaliana kushindana. Milembe apewe madume sita waliokonda, awafungie bandani siku tisini. Mzee achague tisa wa kwake, wachungwe kama kawaida. Hela ya sita, ikishatolewa gharama ya chakula, ikizidi hela ya tisa, fimbo ya zizi inahamia kwa Milembe, na yeye ndiye atakayesema nani anauzwa na nani anabaki. Isipozidi, banda linabomolewa, mbao zinakuwa kuni, na neno mashudu halitamkwi tena mji ule. Mzee aliuza tisa wake mwezi uliopita, palepale zizini, kwa macho, kwa Kasmiri huyuhuyu. Laki nne na themanini kila mmoja. Namba ndiyo ile.

"Baba!" Milembe akaita.

Mzee Masunga alikuwa amesimama kwenye uzio wa mbuzi, anajifanya kuangalia mbuzi. Alikuja kushuhudia, lakini hakutaka aonekane amekuja kushuhudia. Milembe akamkimbilia, akapiga goti.

"Baba, wanakwenda! Wameandikwa kwa Mabula!"

"Kwa nani?"

Mzee hakusubiri maelezo. Akaja na koti lake la kijivu na fimbo mkononi, watu wakimkwepa.

"Nani amesema Mabula ana ng'ombe? Huyu hata kuku wake wanalala kwa jirani! Binti, hao ng'ombe ni wangu!"

Nancy akakuna kichwa chini ya kofia yake. "Mzee, samahani sana. Asubuhi mbona umewakana?"

"Mimi?"

"Kasmiri alikuuliza pale langoni, na hawa sita wa ndani ni wako pia? Ukasema, siwajui."

"Alisema!" Mabula akadakia. "Tumesikia wote! Alisema ng'ombe anayeletewa chakula kwenye beseni kama mgonjwa wa wodini si ng'ombe wake!"

"Alisema hivyohivyo," Kasmiri akathibitisha, bila hata kuulizwa.

Mzee Masunga akakwaruza ardhi kwa fimbo. Ni kweli alisema. Tena alisema kwa sauti kubwa ili watu wacheke, na walicheka.

"Sasa nisikilizeni, mizani nafunga saa nane," Nancy akasema. "Fomu ikikosewa, aliyesaini ndiye anayesahihisha. Mama ataje kwa mdomo wake jina la mwenye mali, mbele ya mashahidi wawili, nami nabadilisha hapahapa. Asipotaja, ng'ombe ni wa huyu mzee wa chumvi. Mama, ni wa nani?"

Rahisi kabisa, sivyo? Kwa binti wa Moshi, rahisi. Wanawake waliokuwa karibu wakashika midomo. Mabula akatabasamu mpaka magego yakaonekana, kwa kuwa yeye aliujua mwiko huo.

"Mtaje tu, mayu," akasema. "Mimi sina kinyongo. Mtaje baba mkwe wako hapa kwenye spika, Nkololo nzima isikie."

"Ni yule," Milembe akasema, akimwonyesha kwa mkono wote. "Mwenye koti la kijivu."

"Koti halimiliki ng'ombe, mama. Jina."

"Ni babu wa watoto wangu."

"Jina."

"Ni aliyemzaa mume wangu!"

"Mfumo hauna nafasi ya aliyemzaa," Nancy akasema. Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu. "Jamani, tatizo nini? Si jina tu?"

"Jina tu?" mama mmoja muuza viazi akamshangaa. "We dada, kwenu hamna wakwe?"

Dakika kumi zimebaki. Kasmiri ameshatoa bulungutu, analowesha kidole aanze kuhesabu. Mabula ameshika kamba ya dume wa kwanza.

Milembe akamtazama baba mkwe wake. Ni neno moja tu. Akilitamka, madume wanapona. Lakini Mzee Masunga atakuwa yule mtu ambaye mkamwana wake alimwita jina mnadani kama anaita mbuzi, na hilo watu wa huku watalisimulia mpaka wajukuu wa wajukuu. Na Mzee hakuwa mtu mbaya, jamani. Mkaidi, ndiyo. Lakini usiku ule uchungu ulipomzidi Milembe na barabara imejaa matope, ni Mzee huyu aliyefunga maksai kwenye mkokoteni, akatembea pembeni kwa miguu mpaka zahanati, akiwasemesha maksai taratibu ili mkokoteni usirushe. Milembe alimpenda. Alimpenda na alikuwa amemkasirikia, vyote viwili, na machozi yakaanza kumlenga.

Mzee mwenyewe alikuwa anaangalia chini. Alijua anachoulizwa mkamwana wake. Hakumwambia ataje, wala hakumwambia asitaje.

"Mama, dakika tano."

"Andika," Milembe akasema.

Muuza dawa ya kupe akazima spika yake.

"Naandika. Nani?"

"Milembe."

Nancy akainua kichwa. "Milembe ni wewe."

"Ndiyo mimi. Milembe Malimi. Nimezaliwa Ipililo. Hawa ng'ombe ni wangu. Maji nimewapa mimi, mashudu nimechanganya mimi, usiku wakikohoa naamka mimi. Andika Milembe Malimi."

Yallah! Mguno uliopita hapo, ungesema mvua inakuja. Mwanamke kasimama mbele ya baba mkwe, kajiandikia ng'ombe wa mji! Mabula mwenyewe aliachia kamba bila kujua.

Nancy akamgeukia Mzee Masunga. "Mzee, jina la mwenye mali limetajwa. Wewe ndiye uliyedai ni wako. Una pingamizi? Ukiwa nalo, ng'ombe wanafungiwa hapa mpaka Jumatatu, waje viongozi."

Mpaka Jumatatu, bila mashudu, kwenye zizi la mnada lenye vumbi tupu! Milembe akafumba macho.

Mzee akakohoa. Akahamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Akamtazama Mabula, akamtazama Kasmiri na bulungutu lake, mwisho akamtazama mkamwana wake ambaye, mbele ya watu wote hawa na kwa hasara yote hii, hakulitaja jina lake.

"Binti," akamwambia Nancy, "asubuhi ulinisikia vizuri?"

"Nilikusikia, mzee."

"Nilisemaje?"

"Ulisema, siwajui."

"Basi mimi sirudii maneno. Siwajui." Akanyoosha fimbo kuelekea kwa Milembe. "Mwenye nao huyo hapo."

Kina mama wakapiga vigelegele. Milembe akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, akalia waziwazi akishukuru, wala hakujifuta. "Wabeja, Baba. Wabeja sana."

"Simama, simama," Mzee akanong'ona kwa aibu. "Mizani inafungwa."

Mabula akabeba mfuko wake wa chumvi. Hakuonekana kuumia. "Nimekuwa tajiri dakika ishirini," akasema. "Wapo wasiopata hata hizo." Watu wakacheka naye. Kisha akamsogelea Nancy aliyekuwa anabonyeza mashine, akamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Nancy, bila kuinua macho, akabonyeza, kikatoka kikaratasi kirefu. Mabula akakikunja mara nne, akakitia chini ya kofia, akapanda bodaboda. Milembe alimwona. Lakini ni nani angejali kikaratasi wakati huo?

Dume wa kwanza akaingia kizimbani. Namba nyekundu zikarukaruka, zikatulia. Kilo mia mbili hamsini na moja.

"Haiwezekani!" Kasmiri akaruka. "Dume mfupi hivi? Mizani mbovu hiyo!"

"Mbovu?" Milembe sasa alikuwa amerudiwa na nguvu zake. "Hebu mtoe dume. Kasmiri, panda wewe."

"Mimi?"

"Panda! Wewe kilo zako unazijua."

Watu wakamsukuma kwa mikono mpaka ndani. Kasmiri akasimama kwenye chuma, kalamu zake tatu mfukoni, anajikaza tumbo. "Mimi ni sabini na tano," akatangaza. "Miaka yote."

Namba zikatulia. Mia moja na nne.

Nawaambia, kuna watu walikaa chini kabisa kwa kucheka. Nancy alilazimika kujifuta macho kwa kofia. "Mbona hata mimi juzi zahanati waliniambia mia na nne," Kasmiri akakiri alipotoka, na baada ya hapo hakuigusa tena habari ya mizani mbovu.

Wakaendelea. Mia mbili arobaini na nane. Mia mbili sitini na mbili. Mia mbili thelathini na tisa, huyu alikuwa mvivu wa kula. Mia mbili hamsini na tano. Wa mwisho akatia fora, mia mbili sabini. Jumla, kilo elfu moja mia tano ishirini na tano. Bei ya siku hiyo kwa dume mnono ilikuwa shilingi elfu nne kwa kilo, na kulikuwa na wanunuzi wengine wawili wamesimama tayari, kwa hiyo Kasmiri hakuwa na ujanja.

"Milioni sita na laki moja," Nancy akasoma.

"Toa chakula," Mzee akasema haraka. "Tulikubaliana, chakula kinatolewa."

"Natoa, Baba." Milembe hakuwa na daftari, alikuwa nazo kichwani. "Mashudu, pumba za mpunga, chumvi na dawa ya minyoo, milioni moja na elfu themanini. Mia na themanini elfu kila mmoja. Nimetoa. Zinabaki milioni tano na elfu ishirini."

Nancy akatafuta kikokotoo kwenye simu. Hakukifikia.

"Laki saba," Mzee Masunga akasema, akiangalia mbali. "Umenizidi laki saba juu. Sita kwa tisa."

Mzee alikuwa akijihesabia mwenyewe sasa, midomo ikichezacheza. Tisa wake walitembea kiangazi kizima kutafuta majani, wakamaliza nyama zao njiani. Sita hawa walisimama mahali pamoja wakala. Na wale kumi na moja wa mwaka jana, kama wangeuzwa wakiwa bado wanasimama, hata kwa macho ya Kasmiri...

"Kumi na moja," akasema kwa sauti ya chini. "Mayu, wale kumi na moja niliwaua mimi."

"Uliwapenda, Baba."

"Niliwapenda wakafa." Akavuta pumzi. Kisha uso ukamkunjuka, akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika ndani ya koti. "Lakini wewe! Umeninyang'anya ng'ombe sita kwa adabu. Kwa adabu! Sijui nikasirike au nikusifu."

"Nisifu kwanza, Baba. Kukasirika utakasirika nyumbani."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaitazama ile fimbo yake, iliyolainishwa na mkono wake kwa miaka arobaini, akaishika kwa mikono yote miwili, akampa.

"Shika. Kuanzia leo, ukisema huyu anauzwa, anauzwa. Hao waliobaki nyumbani hamsini na sita, anza nao kesho."

Milembe akaipokea kwa mikono miwili, goti limegusa chini. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyofikiri. Alitamani yule ng'ombe mwekundu angekuwepo aone.

Simu ikalia. Ni Joakim, aliyebaki nyumbani na ng'ombe wengine.

"Baba Nyanjige!" Milembe akampokea mumewe kwa jina la mtoto wao, akiruka. "Tumeshinda! Tumeshinda laki sa..."

"Milembe, Baba yuko hapo? Weka sauti kubwa! Mabula yuko hapa na vijana wake watatu. Amefungua zizi!"

"Amefungua zizi lipi?"

"Letu! Ana karatasi ya mashine, anasema ng'ombe wote ni wake. Wote! Nimemwambia ni wa Baba, ananiambia kasome mwenyewe, namba za hereni hizi hapa na jina langu hili hapa. Nimesoma, Milembe. Ni kweli. Ndama wa yule mweusi ameshavuka lango!"

Milembe akamgeukia Nancy. Nancy alikuwa tayari anabonyeza mashine, na rangi imemtoka.

"Mama," akasema polepole. "Siku ile ya hereni hukusaini fomu mbili. Ilikuwa moja. Ng'ombe sitini na wawili, jina moja. Leo nimekubadilishia hawa sita tu. Hamsini na sita bado wanasoma Mabula."

"Badilisha!" Mzee Masunga akafoka. "Hao sijawakana mimi! Hao nawajua mmoja mmoja mpaka mama zao!"

"Najua, mzee. Lakini sheria ni ileile. Aliyesaini ndiye atakayetaja. Akitaja nabadilisha sekunde hii hii, na nampigia mtendaji amzuie huyo mzee njiani."

"Wanatoka!" sauti ya Joakim ikapasuka kwenye simu. "Kumi wameshatoka! Fanyeni kitu!"

Watu waliokuwa wanaondoka wakarudi. Muuza viazi akaacha viazi vyake. Mzee Masunga akamtazama mkamwana wake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe pale, Milembe akaona yule mzee anaogopa.

"Mayu," akasema. "Mimi mwenyewe nakuruhusu. Litaje."

"Lote, Baba?"

"Lote. Mpaka la baba yangu. Litaje kwenye spika, wasikie mpaka Maswa. Hutalipa faini, hutasemwa na mtu. Litaje, mwanangu."

Nancy akaisogeza mashine. "Haya, mama. Ng'ombe hamsini na sita. Ni wa nani?"

Milembe akatazama fimbo mkononi mwake. Akamtazama Mzee. Jina lile alikuwa amelifungia kinywani miaka kumi na mitatu, na leo lenyewe linaombwa litoke. Lakini kulikuwa na jina jingine alilolitamka saa moja tu iliyopita, mbele ya watu hawahawa, na masikioni mwake lilikuwa bado linalia tamu.

Akafungua mdomo.

"Andika," akasema.